Ndovu Mweupe na Daftari la Hesabu

Kila timu ya besiboli iliyoteseka ina hadithi ya laana. Watu wa Boston walikaa miaka 86 bila taji, wakasema ni kwa sababu mwenye timu alimuuza Babe Ruth kwa Yankees wa New York. Mashabiki wa Cubs kule Chicago walikaa miaka 108, wakamsingizia mbuzi. Ndio, mbuzi. Mwaka wa 1945, mwenye baa mmoja alizuiwa uwanjani na mbuzi wake, inasemekana akailaani timu, na hadithi ikashika mizizi mpaka watu wazima wenye akili zao wakawa wanaihesabu kama sababu.

Mimi timu yangu ni Athletics, wanaoitwa A's kwa kifupi, na sisi hatujawahi kuhitaji laana. Laana ni ya mtu anayetafuta maelezo. Sisi maelezo tunayo, tena yameandikwa kwa wino katika daftari la hesabu la mwenye timu. Ukitaka kujua kwa nini A's walipanda mwaka fulani na kuanguka mwaka mwingine, usiangalie nyota wala mbuzi. Uliza tu: nani alikuwa ameshika kalamu?

Nilianza kuishabikia timu hii mwaka wa 2001, nikiwa mwanafunzi Oakland, jimbo la California. Tiketi za viti vya juu zilikuwa rahisi kuliko sinema, na kwa mtu aliyetoka nyumbani akiwa na hesabu kali mfukoni, hilo lilitosha. Besiboli yenyewe ilinichosha mwanzoni. Lakini ligi hii kubwa ina mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia Aprili hadi Septemba, na kitu kinachokuja kila siku hukuingia kama chai. Kwa sisi tuliozoea kusubiri mechi ya wikendi, ilikuwa ajabu kushindwa Jumanne usiku na kupata nafasi ya kulipiza Jumatano mchana. Unajifunza kubeba kushindwa. Hata timu bora kabisa hufungwa makumi ya mara kwa mwaka.

Kushindwa kwa namna hiyo hakunisumbui. Kuna kushindwa kwa aina nyingine, na ndiko ninakotaka kukuzungumzia.

*

Timu hii haikuzaliwa Oakland. Ilizaliwa Philadelphia mwaka wa 1901, chini ya Connie Mack, mwanamume mrefu mwembamba aliyeongoza mechi akiwa amevaa suti na tai badala ya jezi. Aliifundisha timu hiyo misimu 50. Hamsini, bwana. Aliweza kukaa hivyo kwa sababu pia alikuwa na hisa: kocha na mwenye mali, mtu mmoja.

Mwaka wa 1902, kocha wa timu pinzani, John McGraw, aliwadharau Athletics akiwaita ndovu weupe. Kwa Kiingereza, ndovu mweupe ni kitu kinachokula pesa nyingi na hakirudishi chochote. Mack hakukasirika. Alimchukua ndovu huyo akamfanya nembo ya timu, na mpaka leo ndovu bado ni wa timu hii. Kwa miaka mingi nilidhani ni hadithi ya kejeli iliyogeuzwa fahari. Kumbe pia ilikuwa utabiri. Swali la McGraw, yaani kama timu hii inalipa au hailipi, halijawahi kuondoka.

Mack alijenga timu kubwa ya kwanza, ikachukua Fainali Kuu mwaka wa 1910, 1911 na 1913. Mwaka wa 1914 ikafika fainali tena, ikapigwa mechi nne mfululizo na Boston Braves. Wakati huo ilikuwa imeanzishwa ligi mpya, Federal League, iliyokuwa ikiwatongoza wachezaji kwa mishahara minono. Mack alikuwa na chaguo mbili: kulipa au kuachilia. Akaachilia. Eddie Collins, mmoja wa wachezaji werevu zaidi waliowahi kusimama katika kituo cha pili, aliuzwa Chicago kwa dola 50,000. Wengine wakafuata au wakaondoka wenyewe. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 99 mwaka wa 1914 ilishinda 43 mwaka wa 1915. Mwaka uliofuata ilishinda 36 ikapoteza 117. Ikashika mkia misimu saba mfululizo.

Soma tena hizo namba. Hakuna tetemeko wala ugonjwa uliopita hapo. Ni kalamu tu.

Mack akajenga tena, na timu yake ya pili huenda ilikuwa bora kuliko ya kwanza: Lefty Grove akirusha, Jimmie Foxx na Al Simmons wakipiga, Mickey Cochrane akidaka nyuma ya mpigaji. Katika mechi ya nne ya fainali ya 1929, walikuwa wameachwa 8 kwa 0 na Cubs. Katika awamu moja tu, ya saba, wakapata pointi 10, wakashinda 10 kwa 8. Wakachukua taji mwaka huo na mwaka wa 1930. Halafu mdororo mkubwa wa uchumi ukaingia Marekani, viti vikabaki wazi, benki zikadai chao, na Mack akafungua soko kwa mara ya pili. Simmons akaenda 1932. Cochrane na Grove wakaenda 1933. Foxx akaenda 1935. Philadelphia haikushinda taji lingine na A's mpaka timu ilipohama.

Tumwonee huruma kidogo mzee huyu. Hakuwa na kiwanda wala mafuta. Timu ndiyo iliyokuwa shamba lake, na mtu wa shamba akibanwa huuza ng'ombe. Lakini mashabiki ndio waliokuwa wakiwakamua ng'ombe hao kwa mapenzi, na hakuna aliyewauliza. Mack alistaafu baada ya msimu wa 1950, akiwa na miaka 87. Wanawe wakabaki na madeni. Mwaka wa 1954 timu ikauzwa kwa Arnold Johnson, mfanyabiashara wa Chicago, naye mwaka uliofuata akaihamishia Kansas City.

*

Kwa msomaji aliyekulia kwenye kandanda, neno hilo "akaihamisha" linahitaji kusimamiwa kidogo. Kwetu, klabu inaweza kufilisika, kushushwa daraja, hata kulala bila mishahara miezi kadhaa, lakini haichukuliwi ikapelekwa mji mwingine kama meza. Gor Mahia ilichukua ligi mwaka wa 1995, kisha mashabiki wake wakangoja mpaka 2013. Miaka 18 ya jua na kelele. Katika miaka hiyo viongozi waligombana na pesa zikakosekana, lakini hakuna aliyeamka asubuhi akasoma gazetini kwamba K'Ogalo sasa ni ya mji mwingine. Ni klabu ya wanachama, yenye watu wake. Utamuuzia nani watu?

Besiboli ya Marekani imejengwa kwa namna nyingine. Ligi kuu leo ina timu 30, na kila timu ni mali ya mtu au kampuni. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Ukishika mkia mwaka huu, mwakani uko pale pale. Huwezi kuanzisha timu mtaani kwenu ukapigana mpaka ukafika juu. Ukitaka kuingia, lazima wenye timu walioko ndani wakukubalie. Mwaka wa 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za kuzuia makampuni kuhodhi soko haziwahusu wenye besiboli, na ulinzi huo bado uko kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo miji iko mingi na timu ni chache. Mwenye timu akitaka uwanja mpya, husema tu kwamba kuna mji mwingine unaomtamani. Ni mchezo wa mwenye nyumba na mpangaji, isipokuwa hapa mpangaji ndiye anayetakiwa kujenga nyumba.

Kansas City ilipokea timu hiyo kwa shangwe. Ulikuwa mji wenye historia yake ya besiboli: Monarchs, timu maarufu ya wachezaji Weusi enzi za ubaguzi, ilikuwa ya hapo, na Jackie Robinson aliichezea mwaka wa 1945 kabla ya kuvunja ukuta wa rangi katika ligi kuu mwaka wa 1947. Lakini A's waliowasili walikuwa mifupa. Johnson alikuwa na uhusiano wa kibiashara na wenye Yankees, na kila kijana aliyeanza kung'aa Kansas City alijikuta New York. Roger Maris alipelekwa huko Desemba 1959; mwaka wa 1961 akavunja rekodi ya Babe Ruth kwa kuutoa mpira nje ya uwanja mara 61. Watu wa Kansas City walisoma habari hizo gazetini. Misimu 13 timu ilikaa kwao, na hakuna hata mmoja ambao ilishinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza.

Johnson alifariki mwaka wa 1960, na timu ikanunuliwa na Charles Finley, mtu wa bima. Finley alikuwa sarakasi nzima. Alichoma basi kuukuu hadharani kuonyesha kwamba safari za kupeleka wachezaji New York zimekwisha. Aliwavalisha wachezaji kijani na dhahabu wakati timu nyingine zote zilivaa nyeupe na kijivu. Alileta baghala, yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi, akampa jina lake mwenyewe, Charlie O., akamtembeza uwanjani. Mnamo Septemba 1965 alimsajili Satchel Paige, mrushaji mkongwe wa Monarchs, akiwa na miaka 59. Wakamwekea kiti cha kubembea kando ya uwanja. Mzee akainuka kitini, akawarushia Boston awamu tatu, na hawakupata pointi hata moja. Sarakasi, ndio. Lakini pia ilikuwa ukumbusho wa miaka ambayo ligi kuu ilimnyima mtu huyo kwa sababu ya ngozi yake.

Halafu, mwaka wa 1968, Finley akaihamishia timu Oakland.

Kuna mzee niliyezoea kukaa naye safu za juu, mstaafu wa bandari ya Oakland na mzaliwa wa Kansas City. Siku moja nilikuwa nikisifu mataji ya miaka ya sabini, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole: "Mwanangu, watoto hao tuliwalea sisi. Nyinyi mliwapokea wameshavaa viatu."

Nilienda kutafuta majina. Bert Campaneris, Catfish Hunter, Sal Bando, Joe Rudi, Reggie Jackson: wote walikuwa wameshaichezea A's ikiwa bado Kansas City. Vida Blue na Rollie Fingers walikuwa wameshasajiliwa, wanasubiri zamu katika timu za vijana. Shamba lililimwa kwao, mvua ikanyesha kwetu.

*

Na ilinyesha kweli. Oakland ya mwisho wa miaka ya sitini ulikuwa mji wa bandari, wa wafanyakazi, wenye Weusi wengi waliotoka kusini kutafuta kazi. Chama cha Black Panther kilianzishwa hapo mwaka wa 1966, mwaka ule ule uwanja wa Coliseum ulipofunguliwa. Ng'ambo ya ghuba kuna San Francisco yenye madaraja ya picha na watalii. Oakland ilikuwa ndugu mdogo anayesahaulika. Kupata timu, tena timu ile, ilikuwa kama kuitwa kwa jina.

Mwaka wa 1971 Vida Blue, kijana wa miaka 21, alishinda mechi 24. Mwaka wa 1972 Finley aliwapa wachezaji dola 300 kila mmoja wafuge masharubu, na kundi lile la wenye masharubu likachukua Fainali Kuu ya 1972, 1973 na 1974. Mara tatu mfululizo. Walipigana wenyewe kwa wenyewe chumbani, kisha wakatoka na kuwapiga wengine. Jambo lililowaunganisha lilikuwa kumchukia mwajiri.

Na alijua kujichukiza. Katika fainali ya 1973, Mike Andrews alifanya makosa mawili katika awamu ya 12, wakapoteza mechi ya pili. Finley akamshinikiza atie sahihi karatasi ya daktari kwamba ameumia, ili amtoe kikosini. Wenzake wakakasirika, na mkuu wa ligi akaamuru Andrews arudishwe. Alipoingia kupiga katika mechi ya nne, uwanja mzima wa New York, mashabiki wa timu pinzani, ulisimama ukampigia makofi. Ninaipenda hadithi hiyo kuliko taji lenyewe. Inaonyesha kwamba watu wa viti vya juu, hata wa upande wa pili, wanaelewa vizuri sana nani anamwonea nani.

Kisha kalamu ikarudi. Mwaka wa 1974 Finley alikataa kumlipa Hunter malipo ya dola 50,000 yaliyokuwa kwenye mkataba, msuluhishi akaamua mkataba umevunjika, na Hunter akaenda Yankees kwa mamilioni. Mwishoni mwa 1975 uamuzi mwingine ukavunja kile kifungu kilichokuwa kikimfunga mchezaji kwa timu yake bila kikomo. Ilikuwa haki, na ilikuwa imechelewa. Finley akaona wachezaji wake wote wataondoka bure. Juni 1976 akajaribu kuwauza Rudi na Fingers kwa Boston, dola milioni moja kila mmoja, na Blue kwa Yankees kwa milioni moja na nusu. Mkuu wa ligi, Bowie Kuhn, akaifuta biashara hiyo. Haikusaidia, walitawanyika tu. Mwaka wa 1979 timu ilipoteza mechi 108. Jioni moja ya Aprili mwaka huo, katika uwanja wa kubeba makumi ya maelfu, hesabu rasmi ya waliohudhuria ilikuwa watu 653.

Mara nyingi hutajwa hao 653 kama ushahidi kwamba Oakland si mji wa besiboli. Mimi nawaona kinyume. Mwenye timu ameuza kila kitu isipokuwa nyasi, timu inanuka, kuna baridi, na bado watu 653 wamelipa kiingilio. Hao ndio wanaostahili sanamu.

Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, alitokea kijana aliyelelewa Oakland na kusoma shule ya upili ya Oakland Tech, jina lake Rickey Henderson. Katika besiboli unaweza kuiba kituo: mrushaji akianza kurusha, unachomoka mbio kabla mpira haujakuwahi. Mwaka wa 1982 Henderson aliiba vituo 130, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia katika miaka iliyofuata. Alipomaliza maisha yake ya mchezo alikuwa ameiba 1,406. Mtoto wa mtaa, akiiba mbele ya kila mtu, na kila mtu akimshangilia. Oakland ilijiona katika miguu yake.

Na mwaka wa 1980 daftari likabadilisha mikono. Walter Haas, wa familia ya kampuni ya nguo ya Levi Strauss, alinunua timu. Haas aliona timu kama kitu cha mji, akalipa mishahara, akakubali hasara pale ilipobidi. Matokeo? Fainali tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mji ni ule ule, uwanja ni ule ule, watu ni wale wale waliodharauliwa mwaka wa 1979, na msimu wa 1990 walijaza viti karibu milioni 2.9. Kwa hiyo mtu akiniambia soko la Oakland ni dogo, mimi humwuliza: dogo tangu lini?

Taji walichukua moja tu, la 1989, dhidi ya San Francisco Giants, majirani wa ng'ambo. Tarehe 17 Oktoba, saa kumi na moja na dakika nne jioni, mechi ya tatu ikikaribia kuanza San Francisco, ardhi ikatetemeka. Watu 63 walikufa katika eneo hilo. Magharibi mwa Oakland barabara ya ghorofa mbili ilijilaza juu ya nyingine, na 42 wakafia hapo. Wakazi wa mtaa, watu maskini waliojengewa barabara hiyo katikati ya makazi yao bila kupenda, ndio waliokuwa wa kwanza kupanda na ngazi na kamba kuwatoa walionaswa. Fainali ilisimama siku kumi. A's walipomaliza kazi, mechi nne kwa sufuri, hawakufungua shampeni.

*

Haas alifariki mwaka wa 1995, na timu ilikuwa inauzwa tena. Wenye timu wapya wakataka matumizi yashuke. Hapo ndipo anapoingia Billy Beane, meneja ambaye dunia inamjua kwa sura ya Brad Pitt katika filamu ya 2011.

Msimu wa 2002 nilikuwepo. Jason Giambi, mpigaji wetu mkuu, alikuwa ameenda Yankees kwa dola milioni 120. Mishahara yetu yote ilikuwa kama milioni 40. Ya Yankees zaidi ya milioni 120. Beane na wachambuzi wake wakatafuta wachezaji ambao soko liliwapuuza: watu wanaofika kituo cha kwanza kwa njia yoyote, hata kama hawapendezi machoni. Scott Hatteberg alikuwa mdakaji aliyeumia kiwiko asiweze kurusha vizuri. Wakamfundisha kituo cha kwanza.

Kuanzia Agosti timu ikashinda, ikashinda, ikashinda. Mara 19. Ile ya 20 ilikuwa tarehe 4 Septemba, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Tukaongoza 11 kwa 0. Halafu wapinzani wakarudi pole pole mpaka 11 kwa 11. Awamu ya tisa akaingia Hatteberg, akautoa mpira nje. 12 kwa 11. Kelele zile nazisikia mpaka leo nikiosha vyombo. Na wapinzani walikuwa nani? Kansas City Royals, timu iliyoundwa kuwafuta machozi watu wa Kansas City baada ya A's kuwatoroka. Wakati ule sikulifikiria.

Tulitolewa na Minnesota katika raundi ya kwanza ya mtoano. Mwaka wa 2014 tukakutana na hao hao Royals katika mechi moja ya kufa na kupona, tukiongoza 7 kwa 3 katika awamu ya nane. Wakatupiga 9 kwa 8 katika awamu ya 12, wakaendelea mpaka Fainali Kuu. Yule mzee wa bandari alikuwa amekwisha kufariki. Ningependa kujua angekaa upande gani.

Ninaipenda hadithi ya 2002, lakini nadhani imetudhuru. Kubana matumizi kulianza kama akili ya anayekosa, watu wakakupenda kwa sababu sote tunajua kupika sufuria moja ikatosha watu kumi. Mwaka wa 2005 timu ilinunuliwa na kundi la John Fisher, ambaye wazazi wake walianzisha maduka ya Gap. Huyo si mtu wa sufuria moja. Lakini hadithi ilikuwa tayari: A's ni timu ya kubana matumizi, ndivyo ilivyo. Ujanja wa maskini ukawa kisingizio cha tajiri. Josh Donaldson aliondolewa 2014, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka uliofuata akiwa Toronto. Matt Olson na Matt Chapman waliondolewa 2022, muda mfupi kabla ya msimu. Timu ikapoteza mechi 102 mwaka huo na 112 mwaka wa 2023. Viti vilipobaki wazi, wakasema: mnaona? Hawaji.

Wenyeji wakajibu. Tarehe 13 Juni 2023, mechi ya kawaida ya Jumanne, mashabiki waliitana wajaze uwanja kuonyesha kwamba hawajafa. Walikuja 27,759, wengi wakiwa na fulana za kijani zenye neno moja kifuani: UZA. Wiki hiyo hiyo bunge la Nevada liliidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kusaidia kujenga uwanja Las Vegas. Mnamo Novemba, wenye timu wote 30 wakapiga kura kuruhusu kuhama. Thelathini kwa sufuri. Hakuna hata mmoja aliyepinga, maana kila mmoja anaweza kuhitaji ruhusa hiyo siku moja. Tunasema wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa ndovu hawakupigana hata kidogo. Walikubaliana, na nyasi zikaumia vile vile.

Mechi ya mwisho Oakland ilikuwa tarehe 26 Septemba 2024. Watu 46,889. Tuliwashinda Texas 3 kwa 2. Kocha, Mark Kotsay, akachukua kipaza sauti akawashukuru watu. Rickey Henderson alikuwepo siku hiyo katika uwanja ulioitwa kwa jina lake. Hakumaliza mwaka, alifariki tarehe 20 Desemba.

Mwaka wa 2025 timu ilianza kucheza kwa muda karibu na Sacramento, katika uwanja mdogo wa ligi ya chini unaobeba watu kama 14,000, ikisubiri Las Vegas. Inajiita Athletics tu, bila jina la mji. Hiyo ndiyo hesabu ya uaminifu zaidi waliyowahi kuandika.

Mataji 9 ya timu hiyo yatahesabiwa Las Vegas: matano ya Philadelphia, manne ya Oakland, na jasho la Kansas City lisilo na taji. Mtoto wa huko atakayezaliwa katika mapenzi hayo hana kosa lolote. Sisi pia tuliipokea mwaka wa 1968 bila kuuliza nani analia. Ningemwomba kitu kimoja tu: ajue majina ya miji iliyotangulia, kwa mfuatano wake, kama watu wanavyojua majina ya babu zao. Na siku mwenye timu atakapoanza kumwambia kwamba Las Vegas ni soko dogo, asitafute mbuzi wa kumlaumu.

Magharibi mwa Oakland, tangu 2024, kuna timu ndogo inayoitwa Ballers, katika uwanja wa mtaa wa Raimondi Park, ligi ya chini isiyo na ahadi ya kupanda kokote. Imewauzia mashabiki hisa. Hupoteza mechi kama timu yoyote, mara nyingine vibaya, na watu hurudi nyumbani wamenuna. Kesho yake wanakuja tena.